Elisi wa kweli hakuwa na nywele za dhahabu

Nyumba yetu ya Kuze ilikuwa na ukumbi mwembamba wa ndani, na hapo ndipo nyanya alipokuwa akitutolea ngano baada ya sala ya isha. Alianza kwa paukwa, nasi tukaitika, kisha Sungura akaingia na hila zake. Ilikuwamo moja ya binti aliyetumbukia kisimani akakuta mji mzima chini ya maji. Mwanzo wake naukumbuka mpaka leo. Mwisho umenipotea, na nyanya amekwisha kufariki, na wenziwe wa rika lake pia. Hapana hata mmoja miongoni mwetu, wala wale waliokuwa hodari wa kuandika chuoni, aliyewahi kumwomba aketi naye aitie ngano ile katika daftari.

Basi kila nimwonapo mjukuu wangu ameinamia simu akitazama filamu ya Elisi, yule msichana wa nchi ya ajabu, mimi humkumbuka msichana mwingine aliyefanya lile ambalo sisi hatukulifanya. Filamu zimemsahau, nami leo nataka kusimulia habari zake.

Jina lake ni Alice Liddell. Alizaliwa London mwaka 1852, na alipokuwa bado mdogo babake akapewa ukuu wa Christ Church, chuo mashuhuri cha Oxford, jamaa yote wakahamia huko. Chuoni hapo alikuwako mwalimu wa hesabu, kijana mwenye kigugumizi, jina lake Charles Dodgson. Nje ya hesabu alipenda mambo mawili: kupiga picha na kuwachekesha watoto. Siku zile mwenye kupigwa picha alitakiwa akae bila ya kutikisika kwa muda mrefu, na Dodgson aliwatuliza watoto kwa hadithi.

Tarehe 4 Julai 1862, yeye na rafiki yake Duckworth waliwapakia mashuani mabinti watatu wa nyumba ile, Lorina, Alice na Edith, wakapiga makasia kutoka Oxford hadi Godstow, mwendo wa kilomita tano hivi. Njiani watoto wakataka hadithi, naye akaitunga pale pale. Msichana amfuata sungura mweupe mwenye saa mfukoni, atumbukia shimoni, akutana na kiwavi avutaye buruma, na mwisho ajikuta mbele ya Malkia wa Kopa na askari wake wa karata. Sungura wetu wa pwani hakuhitaji saa, lakini nadhani hawa wawili wangeelewana.

Hadithi za namna hiyo Dodgson alikwisha kuzitoa nyingi, na zilipotea jioni ile ile zilipotolewa. Hii ilisalimika kwa sababu Alice, mtoto wa miaka kumi tu, alimshikilia aiandike, wala hakumwachia. Kazi ile ilichukua zaidi ya miaka miwili. Dodgson aliiandika kwa mkono wake, kurasa 90, akachora na picha 37, na Novemba 1864 akampa Alice zawadi. Mwaka 1865 ikatoka kuwa kitabu, mtungaji akijiita Lewis Carroll na michoro ikiwa ya John Tenniel.

La kusikitisha ni kwamba zawadi ile ilifika urafiki umekwisha kupoa. Katikati ya mwaka 1863 Dodgson aliacha ghafla kuingia nyumba ile, na ukurasa wa shajara yake wa siku hizo ulikatwa. Watu wamenong'ona mengi juu ya jambo hilo, nami sitaongeza langu.

Alice akakua, akawa bibi mtu mzima mwenye misiba yake. Edith, ndugu yake, alifariki mwaka 1876 akiwa na miaka 22. Mwaka 1880 Alice aliolewa na Reginald Hargreaves, tajiri mpenda kriketi, wakajaaliwa wana watatu wa kiume. Wawili kati yao, Alan na Leopold, waliuawa Ufaransa mwaka 1915 na 1916, katika vita vile vile vilivyomeza maelfu ya wapagazi wa huku kwetu. Mumewe akafa mwaka 1926, akamwachia nyumba kubwa na gharama zake.

Hapo ndipo alipouza zawadi yake. Mwaka 1928 daftari lile lilinadiwa London, likanunuliwa na Mmarekani aitwaye Rosenbach kwa pauni 15,400. Baadaye likaangukia kwa Eldridge Johnson, mwasisi wa kampuni kubwa ya santuri huko Marekani. Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad alikuwa akivuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Mmoja hazina yake ilimtoka, na mwengine yake ikahifadhiwa.

Mwaka 1932, miaka mia tangu kuzaliwa Dodgson, bibi huyu mwenye miaka 80 alisafiri hadi New York, akapewa shahada ya heshima ya udaktari na chuo kikuu cha Columbia. Safari hiyo ndiyo iliyofanyiwa filamu ya Dreamchild mwaka 1985, Coral Browne akiigiza nafasi yake, na kwangu mimi hiyo inazishinda nyingine zote.

Maana nyingine ni nyingi. Ya kwanza ilitolewa Uingereza mwaka 1903, filamu bubu ya dakika 12 hivi, na Alice mwenyewe alikuwa na miaka 51. Mwaka 1933 Marekani wakatoa kubwa yenye sauti, wakiwamo Cary Grant na Gary Cooper waliofichwa ndani ya mavazi hata hawatambulikani. Alice alifariki Novemba 1934. Mwaka 1951 Disney akatoa katuni yake, ambayo hapo mwanzo haikupata soko, kisha ikawa ndiyo sura ya Elisi dunia nzima, na nywele za dhahabu na gauni la buluu. Mwaka 2010 Elisi akavishwa deraya akapigana na joka, jambo ambalo halikupata kuwamo mashuani.

Nywele zile hazikuwa zake. Alice wa kweli alikuwa na nywele fupi nyeusi, zimekatwa sawa juu ya paji la uso. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaokicheka kitabu cha Elisi katika Nchi ya Ajabu, kilichofasiriwa na E. V. St. Lo Conan-Davies na kupigwa chapa London mwaka 1940, eti kwa kuwa humo michoro ya Tenniel imefuatwa ila msichana amepewa sura ya Kiafrika. Tenniel naye alimchora mtu asiyekuwa yeye.

Daftari lenyewe lilirudi Uingereza mwaka 1948, zawadi ya Wamarekani, na sasa limo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Ukurasa wa mwisho Dodgson alibandika picha ya Alice akiwa na miaka saba. Mwaka 1977 ndipo ilipogunduliwa kwamba chini ya picha hiyo palikuwa na sura ya mtoto yule, aliyoichora Dodgson kwa mkono kisha akaifunika.