Herbert William Garratt (1864–1913)

Mwanafunzi, kama unaishi Korogwe au Handeni, bila shaka unaifahamu reli ya Tanga. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni meta moja tu. Je, injini kubwa ya mvuke ingepitaje kwenye njia nyembamba kama hiyo, yenye kona, bila kuiharibu?

Garratt ndiye aliyetoa jibu moja. Alizaliwa London, akajifunza ufundi katika karakana ya reli, kisha akafanya kazi Argentina, Cuba, Lagos na Peru. Mwaka 1907 aliomba hataza ya injini yenye boila katikati, ikibebwa na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma. Hivyo uzito uligawanyika, na injini ikaweza kujipinda penye kona.

Injini za kwanza zilitengenezwa Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Garratt alifariki mwaka 1913. Reli ya Kenya na Uganda ilianza kutumia injini za muundo wake mwaka 1926, yeye hakuziona.

Kumbuka: Garratt hakupanua njia, alibadili injini ilingane na njia iliyopo.