Jan Zumbach na ndeke za Kolwezi

Wapolandi wanamkumbuka Jan Zumbach kama mmoja wa marubani wao hodari wa Vita vya Pili vya Dunia. Sisi wa Katanga tuna sababu nyingine ya kumjua. Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 46, alirudi kwenye urubani wa kivita, na kazi hiyo ilikuwa Kolwezi.

Alizaliwa Aprili 14, 1915, Warsaw, katika ukoo wenye asili ya Uswisi. Uraia wa Uswisi aliurithi, akauficha ili apokelewe katika jeshi la Poland. Ujerumani ilipoivamia nchi yake Septemba 1939, alikuwa akiuguza mguu aliouvunja katika ajali ya ndege. Alitorokea Romania, akaenda Ufaransa, kisha Uingereza, na Agosti 1940 akawa miongoni mwa marubani wa kwanza wa kikosi namba 303, kikosi cha Wapolandi ndani ya jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1942 alikiongoza. Ubavuni mwa Spitfire yake palichorwa Donald Duck, yule bata wa katuni. Alihesabiwa kuangusha ndege 12 za adui, mbali na zile alizoshirikiana na wenzake.

Poland ilipobaki chini ya Wakomunisti, hakurudi. Alivua sare mwaka 1946, na uraia aliokuwa ameuficha ndio sasa ukamlisha: kwa pasipoti ya Uswisi alirusha ndege za kukodiwa na za magendo. Katikati ya miaka ya 1950 alitulia Paris, akaendesha klabu ya dansi.

Wakati huo huku kwetu Moïse Tshombe alikuwa ametangaza, Julai 11, 1960, kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kodi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba ya Kolwezi, ziliingia katika hazina yake, na ndizo zilizomwezesha kulipa askari wa kigeni. Septemba 1961 ndege moja tu ya aina ya Fouga, ikiruka kutoka Kolwezi, iliwasumbua sana askari wa Umoja wa Mataifa. Umoja ukaleta ndege za kivita. Mwanzoni mwa 1962 Tshombe alimwajiri Zumbach aijenge upya na kuiongoza Avikat, jeshi la anga la Katanga.

Nguvu yake kubwa ilikuwa Harvard, ndege za pangaboi zilizoundwa kwa ajili ya wanafunzi wa urubani. Waswidi wa Umoja wa Mataifa walikuwa na jeti ambazo wao wenyewe waliziita mapipa kwa unene wake. Desemba 29, 1962, mapipa hayo yaliushambulia uwanja wa Kengere, Kolwezi, na katika siku chache ndeke za Katanga, kama tunavyosema huku, karibu zote zikaangamia, nyingi zikiwa chini. Januari 21, 1963, askari wa Umoja wakaingia Kolwezi. Kujitenga kukaisha.

Tumwite nani mtu huyu? Kiswahili kina neno mamluki, kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mtu anayemilikiwa, mtumwa. Maana imegeuka njiani: Kiswahili kimeuacha utumwa, kikashika ujira. Zumbach hakumilikiwa na mtu. Alikuwa na klabu yake na pasipoti nzuri. Angeweza kukaa Paris. Kwa hiyo sioni kwa nini tumpunguzie neno kwa sababu ya ushujaa wa 1940. Wanaompenda husimulia Kolwezi kama kituko cha safarini, kana kwamba chini ya zile Harvard hapakuwa na watu. Walikuwapo, pamoja na wachimbaji wa Musonoi, ambao jasho lao lilikuwa ndani ya mshahara wake. Ustadi wa mikono yake ulikuwa uleule. Ila mara ya kwanza aliwapigania watu wa nchi yake iliyovamiwa.

Hakukoma. Mwaka 1967, akiwa na miaka 52, alipeleka Biafra ndege ya mabomu aina ya B-26, akairusha mwenyewe vitani kwa jina la John Brown. Jimbo jingine lililojitenga, na safari hii mali ya ardhini ilikuwa mafuta. Baadaye aliandika kumbukumbu zake. Alifariki Ufaransa Januari 3, 1986, akazikwa Warsaw, katika makaburi ya kijeshi ya Powązki.