Askofu Hirth katika Nchi ya Wahaya

Katika bara ya Ulaya, mahali ambapo Ufaransa hupakana na Ujerumani, liko jimbo liitwalo Alsace. Huko, katika kijiji cha Spechbach-le-Bas, alizaliwa mtoto tarehe 26 Machi 1854, akaitwa Jean-Joseph Hirth. Alipopata umri wa miaka 17, Wafaransa walikwisha kushindwa vitani, na mwaka 1871 jimbo lake likatiwa chini ya dola ya Wadachi. Basi alijua tangu ujana wake jinsi ilivyo kutawaliwa na wageni.

Kijana huyo alitamani kuwa padre, tena padre wa nchi za mbali. Akaingia katika shirika lililoanzishwa huko Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie. Watu wa shirika hilo walivaa kanzu nyeupe na rozari shingoni, na kwa hiyo waliitwa Mapadre Weupe. Lavigerie aliwapa amri ngumu: waseme lugha ya watu wanaokaa nao, wale chakula chao, na kwa mavazi wasijitenge nao. Tena padre asikae peke yake, bali wawe watatu au zaidi katika kila misioni. Hirth alipewa upadre mwaka 1878, akafundisha wanafunzi kwa miaka kadha, hata katika mji wa Yerusalemu.

Mwaka 1887, naye ana miaka 33, alitumwa kwenye ziwa kubwa la Viktoria Nyanza. Siku zile hapakuwa na gari la moshi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 tu, na Mwanza mwaka 1928. Msafiri alikwenda kwa miguu kutoka pwani, pamoja na wapagazi waliochukua nguo na shanga za kununulia chakula njiani. Jua lilimpiga, mvua ikamnyeshea, na homa ikawa mwenzi wa safari. Wamisionari wengi walikufa kabla ya kuanza kazi waliyoijia.

Hirth alifika Bukumbi, kusini mwa ziwa, katika nchi ya Wasukuma. Hapo Mapadre walilea watoto waliokombolewa utumwani. Mwalimu wa Yerusalemu sasa ikampasa kuwa mwanafunzi. Hakujua kusalimu, wala kuomba maji. Hata mtoto mdogo aliweza kumsahihisha maneno yake. Na kila mmisionari aliyehama pwani moja ya ziwa kwenda nyingine alikutana na lugha mpya, akaanza tena kama mtu aliyezaliwa jana.

Hakukaa muda mrefu katika hali ya ugeni kabla ya kutwikwa mzigo mkubwa. Askofu Livinhac aliitwa Ulaya kuongoza shirika lote, na Hirth akachaguliwa kushika mahali pake. Mwezi wa Mei 1890 alipewa uaskofu huko Bukumbi, kisha akaenda Buganda, ambako Wakristo walikuwa wengi.

Lakini Wakristo wa Buganda walikuwa wamegawanyika. Wakatoliki waliitwa Wafransa, na Waprotestanti waliitwa Wangereza, na kila upande ulitaka kuitawala nchi. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana huko Mengo. Kapteni Lugard, aliyekuwa na mizinga ya Maxim, aliwasaidia Waprotestanti, na Wakatoliki wakashindwa. Nyumba za misioni ya Rubaga ziliteketea kwa moto. Askofu akakimbilia visiwa vya Sese, kisha akashuka kusini hata Bukoba, katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Hivyo alifika kwa Wahaya akiwa mkimbizi, bila mali, naye ameacha nyuma majivu ya kazi yake.

Nchi ya Wahaya haikuwa tupu wala haikukosa wenyewe. Kulikuwa na wafalme walioitwa Wakama, kila mmoja na nchi yake: Kiziba, Kianja, Ihangiro, Karagwe, na nyinginezo. Watu walikaa katika nyumba za msonge zilizozungukwa na migomba, na mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Lakini katika miaka ile sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wengi wa nchi za ziwani, na Wadachi walikuwa wamejenga boma Bukoba tangu mwaka 1890. Basi Wakama walikuwa na sababu ya kuwatazama wageni kwa mashaka. Walikwisha kusikia habari za vita vya Buganda, wakaogopa kwamba mtu atakayeipokea dini mpya ataacha kumtii mfalme wake.

Mwezi wa Desemba 1892 Askofu Hirth alianzisha misioni ya Kashozi, juu ya kilima kaskazini mwa Bukoba. Hiyo ndiyo misioni ya kwanza ya Wakatoliki katika nchi ya Wahaya. Baadhi ya Wakristo wa Buganda walikuja pamoja na Mapadre, nao walikuwa msaada mkubwa, maana Luganda na Ruhaya ni lugha za jamaa moja. Hata hivyo kazi ilikwenda polepole. Hofu ya watu haiondolewi kwa siku moja, na imani haiwezi kuamriwa. Mapadre walifundisha wachache waliokuja, wakauguza wagonjwa, wakangoja.

Mwaka 1894 jimbo kubwa la Nyanza liligawanywa, na Hirth akapewa sehemu ya kusini. Mwaka 1900 alisafiri mpaka Rwanda, akafika kwa Mwami Musinga, na mwezi wa Februari misioni ya kwanza ya huko ikaanzishwa mahali paitwapo Save.

Lakini jambo moja lilimsumbua moyoni zaidi ya yote. Aliona kwamba Kanisa linalotegemea mapadre kutoka ng'ambo litabaki geni siku zote, kama mgomba uliopandwa bila machipukizi. Wako waliodhani kwamba vijana wa Afrika hawataweza kuvumilia masomo marefu ya Kilatini na maisha ya upadre. Hirth hakukubali. Akaanzisha seminari katika nchi ya Ihangiro, na mwaka 1904 ikawekwa Rubya, mahali palipo sasa katika wilaya ya Muleba. Vijana wa Kihaya waliingia, na wengine wakaja kwa miguu kutoka Rwanda. Wengi walirudi nyumbani njiani, wakachoka au wakaugua. Askofu hakuifunga seminari kwa sababu hiyo.

Mwaka 1912 alipewa jimbo jipya la Kivu, akaondoka kwenda Rwanda. Miaka mitano baadaye mavuno yalionekana. Mwaka 1917 Wahaya wawili, Oskar Kyakaraba na Wilbard Mupapi, walipewa upadre. Mwaka huo huo, huko Kabgayi, Hirth mwenyewe aliwapa upadre Wanyarwanda wawili wa kwanza, Balthazar Gafuku na Donat Leberaho. Kazi yao ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 10 ya masomo.

Askofu Hirth aliacha uongozi mwaka 1920, lakini hakurudi Ulaya. Alifariki Kabgayi tarehe 6 Januari 1931, akiwa na miaka 76. Baada yake seminari ya Rubya ilimsomesha mtoto wa Kamachumu, Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alifanywa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi.

Hirth alikuja na miaka 33, hajui lugha. Alifukuzwa na vita, akapokewa kwa mashaka. Alijifunza kukaa katika nchi ya watu kwa kuwasikiliza kwanza, kisha kwa kuwatayarisha wenyeji washike kazi mahali pake. Mgeni anayefanya hivyo huacha nyuma yake wenyeji wasiomhitaji tena, na hiyo ndiyo heshima yake.