ABUL-QASIM AZ-ZAHRAWI NA VYOMBO VYAKE VYA MENO

Wengi katika ndugu zetu huwajua wanavyuoni wa fikihi na wa hadithi, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Lakini Waislamu waliotumikia miili ya watu kwa elimu yao, majina yao ni wachache wayajuao. Kwa hivyo tumeona yafaa tueleze khabari za Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi, tabibu wa Andalus, na khasa kazi yake katika meno. Kwani hapana mtu ila ana haja ya elimu hiyo, isipokuwa yule ambaye meno yamekwisha kumtoka.

Nisba yake yatokana na Madinat az-Zahra, mji ulioanza kujengwa na Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu karibu na Kurtuba mwaka 936. Khabari za maisha yake zilizotufikia ni chache. Alifariki yapata mwaka 404 wa Hijra, nao ni 1013 wa Miladi. Mji ule wenyewe haukutimiza hata miaka mia, kwani fitina za Waislamu kwa Waislamu, zilizozuka mwaka 1009, ziliuharibu. Majumba ya marumaru yalianguka, na kitabu cha tabibu kikasalia.

Kitabu hicho ni Tasrif, chenye sehemu thelathini, alichokikamilisha karibu na mwaka 1000. Sehemu ya mwisho ni ya kupasua, na ndani yake alichora sura za vyombo vipatavyo mia mbili, ili mwanafunzi avione na fundi aweze kuvifua. Sababu ya kuiandika ni kuwa aliwaona watu wakiushika wembe bila ya kujua maumbile ya mwili. Alimshuhudia tabibu mjinga akimpasua mwanamke uvimbe wa shingo. Akaikata mishipa ya damu, na mwanamke yule akafa papo hapo.

Katika mlango wa meno alieleza ya kwamba ukoga hujikusanya nje na ndani ya meno na baina ya fizi, ukawa mgumu mfano wa mchanga, rangi yake nyeusi au manjano au kijani, mpaka ukaziharibu fizi. Dawa yake ni kuukwangua. Mgonjwa akae mbele ya tabibu, kichwa chake kiwe mapajani mwake, na kazi iendelee mpaka usibaki ukoga wowote. Usipokwisha siku ya kwanza, arejewe siku ya pili na ya tatu.

Wala hakuridhika na chombo kimoja. Alichora vyombo kumi na vinne vya kukwangulia, kwa kuwa kifaacho upande wa nje hakifai upande wa ndani, na cha kupitia baina ya meno mawili kina umbo jengine.

Katika kung'oa alikuwa mzito wa haraka. Alionya ya kwamba maumivu humdanganya mgonjwa, akataka litolewe jino zima, na ugonjwa ukabaki palepale; basi tabibu asing'oe mpaka ahakikishe. Aliwalaumu wapiga chuku waliovunja jino wakaacha mizizi yake, au wakalitoa pamoja na kipande cha taya. Jino lililolegea alilifunga kwa uzi wa dhahabu, kwani fedha hubadilika na dhahabu haibadiliki.

Leo waganga wa meno husafisha mpaka juu ya mzizi wenyewe, chini ya ufizi, kwani ukoga ukiachwa hapo mfupa huliwa na jino hulegea. Wana vyombo vya mkono vyenye ncha zilizopindwa namna mbalimbali, kila kimoja na jino lake na upande wake; na wana vyombo vya umeme vinavyotetema upesi mno huku vikimwaga maji. Walipovilinganisha, waliona kupona kwa fizi hakutofautiani sana. Vya umeme humaliza kazi kwa muda mfupi zaidi. Basi neno ni mkono wa mjuzi, na kutoacha kitu nyuma. Haya ndiyo aliyoyashikilia Zahrawi.

Katika karne ya kumi na mbili, Gerard wa Cremona alikifasiri kitabu cha upasuaji kwa Kilatini katika mji wa Toledo, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi, wakimwita Albucasis. Hatuwalaumu waliochukua, walifanya vyema. Lawama ni juu yetu sisi tuliouacha mlango huu, hata ikawa mwenzetu akiumwa na jino hutafuta hirizi, au huvumilia mpaka ling'olewe, kisha akasema ndivyo ilivyokadiriwa.

Mswaki ni sunna, nao huondoa ukoga ungali laini. Ukisha kuwa jiwe, mswaki hauuwezi. Wataka chombo na mjuzi wake. Basi na tuwaendee wajuzi kabla ya maumivu, na tuwasomeshe watoto wetu, wa kiume na wa kike, elimu hii, kwani ilikuwa mikononi mwa wazee wetu. Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim, na atujaalie kuwa wenye kufuata mema kwa vitendo. Amin.