Monsenyeri Gabriel Grison, babu wa Eklezia yetu (1860–1942)



Katika sikukuu ya yubile ni desturi kuhesabu majengo: kanisa, nyumba ya mapadri, shule, dispensari. Hapa Bunia twawashukuru kwa haki Mapadri Weupe waliojenga misioni zetu. Lakini mbele yao kuna jina ambalo vijana wetu hulisikia mara chache, jina la mchungaji aliyekabidhiwa nchi hii kabla haijawa na askofu wake: Monsenyeri Gabriel Grison.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1860 kule Saint-Juvin, katika nchi ya Ufaransa. Akawa padri, akaingia shirika changa la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, lililoanzishwa na Padri Léon Dehon mwaka wa 1878. Mwaka wa 1888 alitumwa Ecuador, Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1896 serikali mpya ya huko, iliyopingana na Kanisa, iliwafukuza yeye na wenzake. Mtu aliyenyang'anywa kazi ya miaka minane angeweza kuomba kupumzika. Yeye alikubali kutumwa tena.

Tarehe 6 Julai 1897 aliondoka Ulaya pamoja na Padri Gabriel Lux. Reli ya kutoka Matadi ilikuwa haijakwisha kujengwa, nayo safari ya mtoni ilikuwa ya majuma mengi. Mwezi wa Septemba alifika Stanley-Falls, ambako leo ni Kisangani. Ugonjwa ulimrudisha Padri Lux Ulaya, naye Grison akabaki padri peke yake.

Nchi ilikuwa na vidonda. Vita na Waarabu vilikwisha mwaka wa 1894; mwaka ule ule wa 1897 askari wa Dhanis waliasi; na Serikali ya mfalme Leopold II ilidai mpira na wapagazi kwa nguvu. Watu walipomwona mzungu mwenye kanzu, wengi walidhani ni mtu wa Bula Matari. Hatuwezi kuwalaumu.

Siku ya Noeli ya mwaka 1897 misioni ya Saint-Gabriel ilianzishwa karibu na Falls. Mwanzo ulikuwa miti, udongo na majani. Matofali ya kuchoma yalikuja baadaye. Wakristu wa kwanza walikuwa hasa watoto: yatima na waliotolewa utumwani. Misioni iliwapa chakula, kazi na kusoma, lakini haikuweza kuwarudishia ukoo wao. Mwaka wa 1899 Masista Wafransisko Wamisionari wa Maria walifika kusaidia malezi.

Kati ya watoto wale walitoka wakatekista. Kingwana, lugha ya misafara na ya soko, kikawa lugha ya katekismo. Kwa lugha hiyo Neno la Mungu lilipanda mto hadi Avakubi, katika msitu wa Ituri, na hadi Beni. Padri alipita kijijini kwa siku chache, kisha akaenda zake. Katekista ndiye aliyebaki, akifundisha sala, akibatiza walio karibu kufa na kuwazika wafu.

Mwaka wa 1904 Roma ilimfanya Grison Prefekti wa Kitume wa Stanley-Falls, na mwaka wa 1908 akawa askofu na Vikari wa Kitume. Eneo lake lilikuwa kubwa mno kwa mchungaji mmoja. Mwaka wa 1922 sehemu ya mashariki ilitengwa, ikawa Prefektura ya Ziwa Albert mikononi mwa Mapadri Weupe. Prefektura hiyo ilifanywa Vikarieti mwaka wa 1933, na mwaka wa 1959 ikawa Jimbo la Bunia. Ndiyo maana twamwita babu.

Mwaka wa 1933 alijiuzulu kwa uzee. Alifariki tarehe 13 Februari 1942 huko Saint-Gabriel, kwenye misioni aliyoianzisha.

Miaka ishirini na miwili baadaye kazi yake ilijaribiwa kwa moto. Katika maasi ya 1964 misioni nyingi ziliporwa, na wengi wa shirika lake waliuawa, akiwamo Monsenyeri Joseph Wittebols, askofu wa Wamba. Sisi pia tulionja kikombe hicho: Mei 2003 mapadri wawili waliuawa katika parokia ya Nyakasanza, hapa mjini. Wakati mapadri hawakuweza kufika, waamini waliendelea kukusanyika na kusali, wakiongozwa na wakatekista na wazee wao.

Basi katika yubile hii, kila jamaa iwaulize wazee wake jina la katekista aliyewafundisha sala, na majina hayo yaandikwe na kuwekwa parokiani kabla wazee hawajatutoka. Ni sehemu ya jengo letu, ingawa hayaonekani ukutani.

Mungu ampe Monsenyeri Grison, na watumishi wote waliomfuata, raha ya milele. Amina.