Munganga Hissette na upofu wa muto

Mara hii tunamkumbuka Jean Hissette, munganga wa macho kutoka Ubelgiji. Si mutu wa Kaniama, lakini kazi yake ilikuwa ku Sankuru, na Sankuru huku juu njo Lubilash yetu.

Kule kando ya muto alikuta vipofu wengi kupita kiasi. Akapima macho, akapima na vile vinundu vya chini ya ngozi, akaona ni ugonjwa mumoja: minyoo iko ndani ya vinundu, na watoto wake wanaingia mpaka ku macho. Aliandika hivyo 1932. Huko Guatemala Robles alikwisha kuona jambo hilo tangu 1915, lakini kwa Afrika lilikuwa jipya. Mwaka 1934 Richard Strong na wenzake wa Harvard walikuja kuhakikisha, wakakuta Hissette alisema kweli.

Dawa nzuri yeye hakuwa nayo. Mectizan ilianza kutolewa bure 1987. Inaua watoto wa minyoo, mama yao anabaki, njo maana tunameza kila mwaka. Macho yaliyokufa hairudishi.

Familia zilizorudi na kujenga karibu na maji ya mbio, ni kwenu tunasema: kile kilulu cheusi kinazaa pale pale. Wengine wanakataa kidonge kwa sababu ngozi inawasha. Kuwasha kunapita. Mutoto anayeshika fimbo ya babu kipofu, masomo atayapata saa ngapi? Wapimaji wa urefu wakifika, tokeni wote. Walio chini ya sentimita 90 wangoje.