Hermann von Helmholtz: Jicho Huamua Kabla Yetu



Katika falsafa tunafundishwa kwamba maarifa ya mwanadamu huanzia kwenye milango ya fahamu. Lakini kati ya mwanga kuingia jichoni na mimi kutambua kwamba ule pale ni mti, kuna kitu gani kinachofanyika? Hermann von Helmholtz, daktari na mwanafizikia wa Ujerumani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulijibu swali hilo.

Alizaliwa Potsdam, karibu na Berlin, tarehe 31 Agosti 1821. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari aliyependa sana falsafa. Siku moja, Hermann akiwa bado mdogo, alipita na mama yake karibu na kanisa la askari mjini hapo, akaona watu wamesimama kwenye roshani ya mnara. Alidhani ni wanasesere, akamwomba mama anyooshe mkono amshushie. Alikuwa bado hajajifunza kusoma umbali. Watoto wengi hukosea hivyo, kisha husahau. Yeye hakusahau, na miaka mingi baadaye alilieleza tukio hilo katika kitabu chake.

Alitamani kusoma fizikia, ila nyumbani fedha hazikutosha. Akaenda chuo cha madaktari wa jeshi huko Berlin, ambako masomo yalikuwa bure kwa sharti la kulitumikia jeshi. Mwaka 1847, akiwa bado daktari wa jeshi mwenye miaka 25, alitoa andiko lake maarufu juu ya kanuni kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo.

Mwaka 1849 alihamia Königsberg, mji wa mwanafalsafa Kant. Huko alipima mwendo wa taarifa katika mshipa wa fahamu wa chura, jambo ambalo hata mwalimu wake Johannes Müller aliliona haliwezekani. Alipata kama mita 27 kwa sekunde, mwendo wa polepole kuliko sauti. Basi kati ya kuguswa na kujua kuna muda unapita. Mwaka 1851 alitangaza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, na madaktari wakaweza kuiona retina ya mtu aliye hai.

Kuiona retina kulizidisha fumbo. Picha inayoangukia humo ni ndogo, bapa, tena imepinduliwa juu chini, na ina sehemu isiyoona kitu pale mshipa unapotokea. Mbona sisi tunaona dunia imesimama wima, nzima, yenye umbali na kina? Katika kitabu chake kikubwa juu ya kuona, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1856 na 1867, Helmholtz alijibu kwamba nafsi hutumia mazoea ya zamani kukisia ni kitu gani kimeleta picha ile. Hufanya hivyo upesi, bila mwenyewe kujua. Aliita kazi hiyo hitimisho lisilo na fahamu.

Utachunguzaje jambo ambalo mwenyewe halijui? Helmholtz alivaa miwani yenye prizma inayosogeza kila kitu upande. Alipojaribu kushika kitu, mkono ulikosa. Baada ya majaribio kadhaa ukapata. Alipoivua, mkono ukakosa tena, safari hii upande wa pili. Ndani yake kitu kilikuwa kimejifunza kimyakimya.

Jaribio jingine lilifanyika gizani. Ndani ya sanduku aliweka karatasi yenye herufi, akakazia macho kitundu kidogo chenye mwanga, kisha cheche ya umeme ikamulika mara moja. Jicho halikupata nafasi ya kusogea. Hata hivyo, aliweza kusoma herufi za upande alioamua mapema kuuzingatia, nyingine zilimpita. Kumbe kufikiwa na mwanga ni jambo moja, na kutambua ni jingine.

Njia hiyo inafuatwa hadi leo. Watafiti huonyesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huifunika kwa nyingine. Mtu husema hakuona kitu, lakini majibu yake yanayofuata huonyesha kwamba picha iliacha alama.

Wapo waliompinga. Ewald Hering alishikilia kwamba mengi katika kuona tunazaliwa nayo. Helmholtz mwenyewe baadaye aliliepuka jina lile, maana lilichanganywa na mawazo ya Schopenhauer, ila wazo hakuliacha. Alifundisha pia Bonn, Heidelberg na Berlin, akafariki tarehe 8 Septemba 1894.

Kwetu wanafunzi wa Mtakatifu Thomas wa Akwino hili si geni kabisa. Yeye naye alifundisha kwamba katika hisi za ndani kuna uwezo wa kupima mambo moja moja, ulio chini ya akili. Lakini hukumu kamili aliiweka kwenye akili, inayoweza kujirudia na kujichunguza.

Likizo iliyopita, nikiwa parokiani, nilimwona mzee akiyumba mlangoni mwa kanisa. Kabla sijamsalimu nilikuwa nimeshaamua kwamba amelewa. Mama mmoja wa jumuiya alimkimbilia na soda: mzee ana kisukari, na sukari ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko mama yule.

Macho yangu yaliamua bila kuniuliza, na hilo sikulichagua. Kosa langu lilikuwa kutoangalia mara ya pili. Mwezi unapochomoza huonekana mkubwa hata kwa anayejua kwamba haujaongezeka. Elimu haiubadilishi mwonekano, lakini humzuia mtu asidanganyike. Nasi tunaojiandaa kusikiliza maungamo ya watu tuombe neema hiyo: kumtazama mtu tena, kabla ya kusema tumemwona.